Majina manne ndani ya kiapo kimoja

Tangu Juni 2021, kila anayeapishwa kuwa raia wa Kanada hutamka kwamba atazifuata sheria za nchi, ikiwemo Katiba, ambayo inatambua na kuthibitisha haki za "Aboriginal" na haki za mikataba za watu wanaoitwa "First Nations", "Inuit" na "Métis". Zamani maneno hayo hayakuwemo. Yaliongezwa kwa pendekezo la Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza habari za shule za bweni ambako watoto wapatao 150,000 wa jamii hizo walipelekwa, wengi kwa nguvu, ili wasahau lugha zao na malezi ya kwao. Tume ilitoa mapendekezo 94. La kubadili kiapo ndilo la 94, la mwisho kabisa.

Naishi Winnipeg na kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili: kliniki, shuleni, mahakamani, na mara nyingi kwa watu wanaojiandaa na uraia. Wengi wao ni Wakongo na Warundi, na wengi walikaa kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma miaka na miaka kabla ya kuletwa huku kwenye baridi. Wakifika kwenye sentensi hiyo ya kiapo, swali huwa lile lile: "Kaka, hawa ni watu mbalimbali? Si ni Wahindi Wekundu tu?"

"Wahindi Wekundu" ndilo jina tuliloachiwa na vitabu vya shule. Lina kosa la Columbus aliyedhani kafika Bara Hindi, halafu juu yake likabandikwa kosa la wale waliopenda kuwapanga binadamu kwa rangi. Kwetu sisi lina tabu ya ziada, maana Mhindi tunamjua. Ni jirani wa Mombasa, wa Kariakoo, wa Kampala. Ukimwambia mgeni aliyetoka kwetu kwamba Kanada kuna Sheria ya Wahindi ya mwaka 1876 na inatumika mpaka leo, atakuuliza Wagujarati walifika lini.

Hapo ndipo wenzangu wengi huishia: jina la zamani ni baya, nipe jina zuri nilikariri. Wanadhani Kiingereza kimeyapanga majina haya kutoka lenye matusi hadi lenye adabu, na kazi ya mgeni ni kulishika lile la juu. Nami nimechoka kulijibu swali hilo kwa njia hiyo. Majina haya yamegawanywa na sheria kabla hayajagawanywa na adabu. Kila moja linasema nani anahesabiwa, nani anaachwa nje, na nani anadai nini kwa nani. Mtu akilibadilisha bila kuangalia, huenda amemtoa mwenzake kwenye haki yake huku akidhani anamheshimu.

Tuanze na hilo hilo "Indian" linaloonekana bovu kuliko yote.

Sheria ya 1876, "Indian Act", ilisema "Indian" ni mwanamume mwenye damu hiyo anayefahamika kuwa wa bendi fulani (yaani jamii moja inayotambuliwa na serikali), pamoja na watoto wake, pamoja na mwanamke yeyote aliyeolewa naye kihalali. Someni tena hiyo ya mwisho. Mwanamke wa Kiskoti akiolewa na mwanamume wa Kikrii (Cree), mojawapo ya jamii hizo, alikuwa "Indian" kisheria. Dada wa huyo mwanamume akiolewa na Mskoti alikoma kuwa "Indian", akakosa nyumba kwenye ardhi ya jamaa zake, na wakati mwingine akakosa hata pa kuzikwa karibu na mama yake. Sheria hiyo hiyo ilisema "Indian" akipata shahada ya chuo kikuu, au akiwa daktari, wakili au kasisi, basi papo hapo ameshakuwa mtu kamili mbele ya sheria na si "Indian" tena. Kura katika uchaguzi wa taifa waliruhusiwa kupiga bila kulipoteza jina hilo mwaka 1960, ndiyo kusema mwaka mmoja tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika.

Mambo ya ndoa yaliendelea mpaka watoto wa watu wakachoka. Jeannette Corbiere Lavell, Mwanishinaabe kutoka Ontario, alipeleka shauri mahakamani na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Sandra Lovelace, kutoka Tobique huko New Brunswick, akaenda mbali zaidi, kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 kamati ikasema Kanada imevunja haki zake. Bunge likabadili sheria mwaka 1985, wanawake maelfu wakarudishiwa jina. Lakini mabadiliko hayo yakazaa vifungu viwili, 6(1) na 6(2). Mwenye 6(1) humrithisha mtoto hadhi hata kama mzazi wa pili ni mtu wa nje. Mwenye 6(2) akizaa na mtu wa nje, mtoto hana kitu. Utawasikia watu hapa wakijitambulisha kwa namba hizo, mmoja ni "sita moja", ndugu yake "sita mbili", na mama mkwe anazijua kabla ya kuuliza bwana harusi anafanya kazi gani. Bunge limezigusa sheria hizo tena mwaka 2010 na 2017, na kisu cha kizazi cha pili bado kipo.

Sasa, mwenye hadhi hiyo hupewa kadi ya serikali. Kadi imeandikwa cheti cha hadhi ya "Indian", neno hilo hilo. Ndani yake mna dawa za bure, meno, miwani, msamaha wa kodi kwa anayefanya kazi kwenye ardhi ya bendi, na kwa wengine msaada wa masomo. Kwa hiyo ukimsahihisha mzee wa Peguis au wa Sagkeeng anapojiita "Indian", ukamwambia babu, siku hizi tunasema hivi, unamfundisha jina la kitu anachokibeba mfukoni tangu hujazaliwa.

Na bado sijafika kwenye kichekesho chenyewe. Mwaka 1939 serikali ya Kanada na ya jimbo la Quebec zilikuwa zinavutana kuhusu nani awalishe Wainuit, watu wa kaskazini ya mbali, waliokuwa na njaa. Katiba ya 1867 iliipa serikali kuu mamlaka juu ya "Indians". Je, "Eskimo", kama Wainuit walivyoitwa wakati huo, ni "Indian"? Mahakama ya Juu ikasema ndiyo. Mwaka 2016, katika shauri la Daniels, mahakama hiyo hiyo ikasema hata Wametis, na wale waliokosa hadhi, ni "Indians" kwa maana ya katiba hiyo ya 1867. Wakati huohuo "Indian Act" yenyewe haiwahesabu Wainuit. Na Katiba ya 1982, kifungu cha 35, imewataja "Indian, Inuit and Métis" kama makundi matatu yaliyo kando kando. Mtu mmoja, Mwinuit wa Iqaluit, ni "Indian" kwa katiba ya 1867, si "Indian" kwa sheria ya 1876, na amesimama pembeni ya "Indian" kwenye katiba ya 1982. Mwanafunzi wangu mmoja, mzee wa Uvira aliyekuwa mwalimu, aliposikia hivyo alicheka akasema hii nayo ni Kongo.

"First Nations" lilikuja kuziba aibu ya neno "Indian" bila kuligusa kisheria. Lilishika kasi miaka ya 1980. Chama cha kitaifa kilichoitwa National Indian Brotherhood kikageuka Assembly of First Nations mwaka 1982. Nalipenda neno hili kwa sababu ya hilo "nations". Waliolichagua walikuwa wanaiambia serikali kwamba mikataba ilitiwa sahihi kati ya mataifa mawili, na kwamba waliosaini upande wa pili bado wapo. Winnipeg imekaa kwenye ardhi ya Mkataba wa 1, uliosainiwa Lower Fort Garry tarehe 3 Agosti 1871. Kila mwaka mwenye mkataba hulipwa dola 5. Ndiyo, 5, kiasi kile kile cha karne ya 19. Watu hupanga foleni kuzichukua noti hizo, mara nyingine mbele ya polisi aliyevaa koti jekundu la sherehe, kwa kuwa kuzichukua ni kusema mkataba uko hai. Huku nyikani wengine hujiita tu "Treaty": mimi ni "Treaty", mke wangu ni "Treaty". Hilo nalo ni jina, na hukuti kitabu cha adabu kinachokufundisha.

"First Nations" haliwajumuishi Wainuit wala Wametis. Magazeti ya Kiswahili yakiandika Mataifa ya Kwanza yakimaanisha wote, yamewaacha nje watu karibu laki 7. Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 1.8, asilimia 5 ya nchi: First Nations kama milioni 1.05, Métis 624,220, Inuit 70,545.

Je, kwa kuwa "Indian" lina haki ndani yake, mimi nilitumie mitaani? Hapana. Anayetoka Tanzania analijua jambo hili kupitia utani: Mchaga atamwambia Mpare maneno ambayo mtu baki akiyarudia patachimbika. Vijana wa hapa wanaandika "NDN", yaani "Indian" kwa herufi tatu, kwenye fulana, wanaitana hivyo wenyewe kwa wenyewe, wanacheka. Mimi si mtani wao. Naweza kuitaja sheria kwa jina lake, kadi kwa jina lake, lakini mtu nitamwita vile anavyojiita.

Ukivuka mpaka kwenda Marekani, mambo yanageuka. Kule "First Nations" halina mzizi. Serikali ilipowauliza wenyewe mwaka 1995, karibu nusu walisema wanapendelea "American Indian", na asilimia 37 hivi wakachagua "Native American". Wakanada wapole wakisikia hivyo hushika vichwa. Lakini angalieni vyombo vyao: American Indian Movement, iliyoanzishwa Minneapolis mwaka 1968 na vijana waliokuwa wamechoshwa na polisi, National Congress of American Indians ya 1944, jumba la makumbusho la taifa lililofunguliwa Washington mwaka 2004, nalo lina "American Indian" kwenye jina. Wazee wa harakati walisema tulitawaliwa kwa jina hili, na kwa jina hili tutajikomboa.

Na sheria ipo hapo pia. Mwaka 1974, katika shauri la Morton v. Mancari, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuwapa "Indians" kipaumbele cha ajira kwenye idara inayowahusu si ubaguzi wa rangi, kwa kuwa "Indian" hapo ni hadhi ya kisiasa, ya uanachama katika jamii zenye serikali zao. Katika karne hii ya 21 mawakili wa upande unaoipinga hadhi hiyo wamekuwa wakijaribu kuligeuza neno hilo liwe la rangi tu, ili liangukie kwenye sheria za ubaguzi na kila kitu kilichojengwa juu yake kiporomoke. Walijaribu kupitia sheria ya 1978 ya kuwalinda watoto wasichukuliwe nje ya jamii zao, wakashindwa mwaka 2023. Neno moja, na juu yake wamekaa watoto.

Huko huko Marekani "tribe" ni neno la fahari. Yapo zaidi ya 570 yanayotambuliwa na serikali kuu, mengi yenye mahakama zao na polisi wao. Sisi tuliolelewa kuambiwa ukabila ni sumu, ambao Waingereza walitupangia makabila kwenye daftari na kila moja likapewa chifu wake, tunalisikia "tribe" kwa sikio jingine kabisa. Nikitafsiri hati ya kule siandiki kabila. Naandika taifa, au serikali ya Wacherokee, kutegemea sentensi inasema nini.

Kuhusu "Eskimo" sina maneno mengi, maana wengi wameshasikia kwamba halifai. Wanaambiwa maana yake ni wala nyama mbichi. Wanaisimu wengi hawaikubali asili hiyo, wanaona limetokana na neno la majirani zao Wainnu linalohusu kusuka viatu vya theluji. Vyovyote iwavyo, ni jina la kupewa na jirani. Mwaka 1977 wawakilishi kutoka Alaska, Kanada na Greenland walikutana Barrow, mji ambao leo unaitwa Utqiaġvik, wakachagua "Inuit". Tatizo ni kwamba Alaska kuna Wayupik, na Wayupik si Wainuit. Ukifuta "Eskimo" kila mahali ukaandika "Inuit", umemfuta Myupik kwa adabu kubwa.

Na sisi tuna ma-Eskimo yetu, tena kwa Kiswahili safi. "Wandorobo" ni neno la Kimaasai, il-torobo, watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara. Misafara ya pwani ikalichukua na kulisambaza, wakoloni wakaliandika kwenye ramani, na Waogiek wamekuwa wakilikataa tangu hapo. Wahadza wa Ziwa Eyasi tuliwaita Watindiga. Watu wa nyuma ya Mombasa tuliwaita Wanyika, watu wa porini, mpaka wenyewe miaka ya 1940 wakasimama na jina la Mijikenda. Hata Wanyamwezi walipewa jina na watu wa pwani. Kwa hiyo Mswahili anayeshangaa Wazungu walivyoshindwa kuuliza jina la mtu, apunguze kidogo mshangao.

Kitu kimoja katika habari za Wainuit hunirudisha Kenya. Kuanzia miaka ya 1940 serikali ya Kanada iliwapa Wainuit kidude cha duara chenye namba, E kwa walio mashariki na W kwa walio magharibi, cha kuvaliwa shingoni au mkononi, kwa kuwa makarani walishindwa na majina yao. Kilidumu mpaka miaka ya 1970. Abe Okpik, Mwinuit mwenyewe, ndiye aliyezunguka vijiji mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwauliza watu wanataka ubini gani. Mkenya yeyote akiona picha ya kidude hicho atasema kipande. Cha kwetu kilikuwa karatasi ndani ya kikasha cha bati, shingoni vilevile, kwa sheria iliyoitwa ya kuandikisha "natives".

Ndiyo maana "Native American" linanipa shida ya moyoni hata kama wenyewe wanalipenda. "Native" katika Kenya na Tanganyika lilikuwa neno la kodi ya kibanda, la ardhi ya kutengwa, la mahakama ya daraja la chini. Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, wazee wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huo, waliandika barua baada ya barua kwa serikali ya kikoloni wakitaka wasihesabiwe "native". Wanahistoria wengine huwacheka, kwamba walijiona Waarabu. Mimi naona walisoma sheria vizuri: aliyekuwa ndani ya neno alilipa na kupigwa, aliyekuwa nje alipumua kidogo. Wangepelekwa Kanada wangeielewa 6(1) na 6(2) kwa siku moja.

"Métis" ndilo linalowachanganya wakalimani kuliko yote. Kwa Kifaransa ni mchanganyiko, na Wakongo wanalijua hilo. Mulatto wa Kibelgiji huitwa hivyo hivyo, na historia yake ni chungu kivyake. Hivyo mtu hukimbilia "chotara". Sivyo kabisa. Wametis wa huku ni taifa lililojitokeza bondeni mwa Mto Mwekundu, hapa hapa nilipo, watoto na wajukuu wa wafanyabiashara wa manyoya na wanawake wa Kikrii na Kianishinaabe, wakawa na lugha yao, Michif, na bendera, na serikali ya muda iliyojadiliana na Kanada mpaka Manitoba ikawa jimbo mwaka 1870. Kiongozi wao, Louis Riel, alinyongwa Regina tarehe 16 Novemba 1885. Waliahidiwa ekari milioni 1.4 kwa ajili ya watoto wao, na ahadi ikatekelezwa kwa namna ambayo Mahakama ya Juu, mwaka 2013, ilisema haikulingana na heshima ya Taji, yaani ya dola. Katika shauri la Powley la 2003, lililoanza na baba na mwanawe waliomwinda "moose", mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, karibu na Sault Ste. Marie, mahakama ilitaja mambo matatu: mtu ajitambue kuwa Métis, awe na nasaba ya jamii hiyo ya zamani, na jamii ya leo imkubali. Damu iliyochanganyika peke yake haimfikishi mtu. Mwanangu akizaa na Mkrii, mjukuu wangu atakuwa mtoto mzuri sana, lakini hatakuwa Métis kwa sababu hiyo tu. Naandika Wametis, kwa herufi kubwa, na chotara naliacha lilipo.

"Aboriginal" liko kwenye kiapo kwa sababu liko kwenye kifungu cha 35, na kiapo hakiwezi kuikimbia Katiba. Mitaani limeshachoka. Machifu wa Kianishinabek wa Ontario walilikataa rasmi mwaka 2008. Wizara yenyewe imebadilisha kibao mara nyingi: "Indian Affairs", kisha "Aboriginal Affairs" mwaka 2011, kisha "Indigenous" mwaka 2015, kisha ikapasuliwa kuwa wizara mbili. Siku ya taifa ya kuzienzi jamii hizi, tarehe 21 Juni, nayo ikabadilishwa jina mwaka 2017. Maji ya kunywa katika jamii nyingi yaliendelea kuchemshwa chini ya vibao vyote hivyo. Ukisikia watu wa huku wakiguna serikali inapotangaza jina jipya, hiyo ndiyo sababu.

"Indigenous" limeshinda kwa kuwa lilikuja na Umoja wa Mataifa nyuma yake, na huko lilipiganiwa kwa herufi moja. Wajumbe walidai "peoples" na serikali zikang'ang'ania "people". Katika sheria za kimataifa "peoples" wana haki ya kujiamulia mambo yao. "People" ni watu tu, kama watu walioko kituo cha basi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 169 wa mwaka 1989 ulikubali hiyo "s", kisha ukaweka kifungu cha kusema isichukuliwe kuwa na maana hiyo. Muongo uliotangazwa kuanzia 1995 ulikuwa wa "People", bila "s". Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za jamii hizi, la tarehe 13 Septemba 2007, ndilo lililoipata herufi yake. Kanada, Marekani, Australia na New Zealand zilipiga kura ya hapana, ingawa baadaye zote ziligeuka. Kiswahili hakina njia ya kuongeza "s" kwenye watu, kwa hiyo anayetafsiri analazimika kuchagua: jamii, mataifa, au umma. Akiandika watu wa asili, upande mmoja wa mabishano ya miaka 20 umeshapotea kwenye ukurasa.

Na kwetu Afrika? Kura ile ya 2007, Tanzania ilisema ndiyo, Kenya na Burundi zikakaa kando. Mwaka mmoja kabla, kundi la nchi za Afrika lilikuwa limeichelewesha, likiuliza "indigenous" ni nani katika bara ambalo sote ni wa hapa. Msimamo wa serikali ya Tanzania umekuwa huo siku zote: wenye asili ya Kiafrika wote ni wenyeji. Lakini Mwafrika wa kwanza kusimama Geneva mbele ya kikundi cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia mambo haya alikuwa Mtanzania, Moringe ole Parkipuny, mbunge wa Ngorongoro, mwaka 1989. Alikuwa amewahi kuwatembelea Wanavaho huko Marekani, na alichokiona kule kilifanana na kilichokuwa kikiwapata Wamaasai na Wahadza: ardhi kuchukuliwa kwa jina la maendeleo, na watu kuonewa haya na nchi yao wenyewe kwa mavazi yao. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu baadaye ililitafsiri neno kwa namna hiyo, kwamba swali si nani alitangulia kufika, ni nani anategemea ardhi ile kwa uhai na utamaduni wake huku akisukumwa pembeni na dola. Kwa maana hiyo Waogiek wa Msitu wa Mau walishinda dhidi ya Kenya kwenye Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, Mei 2017.

Nakubaliana na tafsiri ya Tume, na bado naona kwa nini serikali ziliogopa. Pale Kivu, "autochtone" la Kifaransa, yaani mzawa, si neno la Geneva. Sheria ya uraia ya Zaire ya 1981 ilimtaka mtu aonyeshe kwamba jamii yake ilikuwa ndani ya mipaka ile mwaka 1885, na kuanzia hapo nani "autochtone" na nani mgeni likawa swali la kufia. Tanzania nayo ilikuwa na siasa zake za uzawa, zilizomlenga Mhindi wa dukani, wala hazikumtafuta Mhadza. Darasani kwangu hukaa pamoja watu waliotoka pande zote za mabishano ya Kivu. Nikitamka "wenyeji" kueleza "Indigenous", naona mabega yakibadilika kabla sijamaliza sentensi.

Mama mmoja wa Beni aliniuliza: "Na Bambuti wetu je, wao wanaitwaje kwa sheria?" Mwaka 2022 Kongo ilipitisha sheria ya kuwalinda, na kichwa chake kinawataja kama jamii asili za "pygmées". Burundi inawatengea Watwa viti 3 bungeni na 3 kwenye seneti, kwa jina lao. Rwanda, ambako majina ya kikabila yaliondolewa baada ya mauaji ya kimbari, husema waliosukumwa nyuma na historia. Kiswahili cha vitabuni kina "mbilikimo", ambalo mahali pake ni kwenye kapu moja na Wandorobo.

Kwa hiyo naandika Bambuti nikiwa Ituri na Batwa nikiwa Burundi. Kwa "Indigenous peoples" kwa jumla naandika "jamii za asili". Wenzangu wawili wakalimani wanataka "wenyeji", wanasema ndilo neno la Kiswahili hasa na hili langu linanukia ofisi. Kuhusu kunukia ofisi wana haki. Ila mimi ndiye ninayelitamka mbele ya watu wa Uvira na Minembwe waliokaa viti vinavyogusana, na "wenyeji" silitumii.